Shikamoo ya mwenye kisasi

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimesomea sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo, na kwa miaka minne nimekuwa jukwaani. Sasa nimepewa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya kisasi cha kisiasa. Ni mwanamke anayerudi mjini baada ya miaka 17 na kuajiriwa kazi ya upishi kwa mzee mstaafu wa usalama. Mzee huyo ndiye aliyemchukua baba yake usiku, na baba hakuonekana tena. Mzee hamtambui. Nchi haitajwi. Tutapiga kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe wa hapahapa Bagamoyo, na sini ya mwisho ufukweni. Siku ya majaribio mwongozaji aliniambia "umezidisha". Nikapunguza, akasema "sasa umekufa". Nimebakiza wiki sita. Nifanyeje? Nitazame uigizaji gani? Na je, nitumie dawa ya kutoa machozi?

Jibu: Marahaba, binti. Tuanze na maneno mawili ya mwongozaji wako, maana ugonjwa wote umo humo. Aliposema "umezidisha" alikuwa anaongelea uso, mabega na sauti. Aliposema "umekufa" alikuwa anaongelea kitu kingine kabisa: ulipopunguza uso, ulipunguza na moyo. Umevifunga kamba moja, hiki kikishuka na kile kinashuka. Jukwaa ndivyo linavyofundisha, na halikukosea. Mtu wa safu ya nyuma anaona mkono na anasikia sauti, hasomi mboni ya jicho, kwa hiyo kilichomo ndani lazima kitoke nje kwa ukubwa uleule, la sivyo hakimfikii.

Kwenye kamera ikate hiyo kamba. Chukua muswada na penseli, kila sini uiandikie namba mbili kati ya sifuri na kumi. Ya kwanza ni ghadhabu iliyomo ndani. Ya pili ni ile ambayo mtu mwingine aliyemo chumbani angeweza kuiona. Asubuhi ya kwanza unapomwandalia mzee chai: ndani 9, nje 1. Ukiwa peke yako stoo, umekalia gunia la mchele: ndani 6, nje 5, maana hakuna wa kumficha. Filamu yako inaishi kwenye pengo la namba hizo mbili. Mtazamaji akiona hasira tupu anaizoea baada ya dakika tano. Akiona mtu anaishikilia isitoke, hatoki kwenye kiti, kama anayetazama sufuria iliyofunikwa na mfuniko umeanza kuchezacheza.

Kuanzia leo, ukiambiwa "umezidisha" shusha namba ya pili peke yake. Ukiambiwa "umekufa" pandisha ya kwanza, uso usiuguse. Na kwa kuwa filamu haipigwi kwa mfuatano, sini za nyumbani zote zitarundikwa wiki moja. Unaweza kupiga sini ya 61 saa tatu asubuhi na ya 8 mchana huohuo. Daftari la namba ndilo litakalokuambia uko wapi. Mwongozaji ana mambo mia kichwani, usimtegemee akukumbushe.

Namba ya ndani inapandaje? Kwa kukaza moyo haipandi, utaishia kukunja uso. Inapanda ukijua mwanamke huyu anataka nini. Mwulize mwandishi. Akikujibu "anataka kulipiza kisasi", mrudishie, hilo haliigiziki. Akikujibu "anataka mzee ataje mahali baba alipozikwa", hapo umepata kazi ya kila sini. Sasa hata chakula kina maana. Mzee ana presha, sivyo? Basi mpishi huyu atampunguzia chumvi, atamkumbusha vidonge, atamzuia asipande ngazi kwa haraka. Mzee akifa kabla ya kusema, amemshinda mara ya pili. Mwanamke anayemtunza adui ili asife na siri: icheze hiyo, na namba ya ndani haitashuka chini ya 6 hata ukiwa unapepeta mchele.

Hapo ndipo kisasi cha kisiasa kinapoachana na kisasi cha shamba au cha mapenzi. Mzee hakuwa na ugomvi na baba yako. Alipewa jina kwenye karatasi. Atajitetea kwamba alitekeleza amri, na tatizo ni kwamba nusu ya maneno hayo yatakuwa kweli. Ukimtazama kama shetani tangu mwanzo, utetezi wake utasikika wa kijinga na filamu itakuwa imekwisha dakika ya 20. Mtazame kama mzee anayetafuta miwani na miwani iko kichwani mwake. Mtazamaji akianza kumwonea huruma kidogo, ndipo atakapoogopa utakachofanya.

Sasa turudi kwenye salamu uliyoanzia barua yako. Mhusika wako ni mdogo kwa umri na ni mfanyakazi wa ndani, kwa hiyo kila asubuhi, apende asipende, lazima amwamkie mtu aliyemmaliza baba yake. Na neno lenyewe, kwa asili, ni kusema nashika miguu yako. Filamu za wenzetu hazina kitu kama hicho! Hesabu shikamoo zote zilizomo kwenye muswada. Kama ni moja tu, omba ziongezwe zifike tano au sita, fupifupi, hazitaongeza hata dakika moja ya filamu.

Zigawe hivi. Ya kwanza iwe ya kawaida kabisa, macho chini, sauti nyepesi, unapita na sinia. Usitie kejeli hata chembe. Waigizaji wengi hukosea hapa, huiminya herufi ya mwisho au huinua kope ili mtazamaji ajue kuna jambo. Lakini mtazamaji akiona, na mzee ameona, na huyu mzee kazi yake ilikuwa kusoma nyuso za watu. Ukimfanya asione kilicho wazi, umemfanya mjinga, na kisasi juu ya mjinga hakina uzito. Ya pili na ya tatu ziwe za mazoea zaidi, hata na tabasamu dogo. Mazoea yenyewe ndiyo yatakayomtisha mtazamaji. Ya nne ichelewe. Umeingia, umeweka kikombe, umefungua dirisha, ndipo unaamkia huku umempa mgongo. Kisha siku ya kufichuka usiamkie. Weka kahawa mezani, simama. Mwombe mwongozaji ampe mzee nafasi ya kuitikia "marahaba" kwa mazoea tu, salamu ambayo hakupewa. Halafu anyanyue macho. Hapo hutahitaji kupiga kelele, yeye mwenyewe atakuwa amejua. Sini ambayo kwenye muswada ina kurasa mbili za maneno inaweza kubaki na neno moja, na neno hilo si lako.

Kitu cha pili ni mikono. Mwigizaji wa jukwaani akiambiwa "tulia" mbele ya kamera, mikono humwelemea, haijui iende wapi. Mpe mpishi wako kazi halisi katika kila sini ngumu: kumenya vitunguu saumu, kuchambua mchele, kukuna nazi. Naipenda zaidi nazi, kwa sababu mbuzi inakukalisha chini na mzee anabaki juu kwenye kiti. Kamera itasema nani mkubwa bila mtu kufungua mdomo. Tuseme mzee anataja jina la baba yako kwa bahati mbaya, akimkumbuka mtu wa zamani. Usigeuke, wala usimtazame. Unakuna kwa mdundo, kraa, kraa, kraa; jina likitajwa, mdundo unakosa pigo moja, kisha unaendelea ulivyokuwa. Pigo moja tu. Ukikosa matatu, umezidisha.

Lakini nazi ina hila zake. Meno ya mbuzi yanapiga kelele kuliko sauti yako, kwa hiyo kuna kati ya sentensi, usikune juu ya maneno, na mwishoni mwambie mtu wa sauti arekodi kukuna peke yake kwa dakika moja ili mhariri awe na cha kuunganisha. Kifuu kilichoanza kukunwa hakirudi kuwa kizima. Shoti pana teki tatu (kila teki ni kupigwa mara moja), klozapu ya uso teki nne, mikono teki mbili: hivyo ni vifuu tisa, sawa na nazi tano, na nazi moja au mbili huoza au hupasuka vibaya, kwa hiyo ziwe saba. Kila teki ianze na kifuu kipya na sinia lenye machicha kiasi kilekile. Piga picha ya sinia kwa simu kabla ya teki ya kwanza. Hii ni kazi ya mtu wa mwendelezo, anayehakikisha vitu vinafanana kutoka shoti hadi shoti, naam, lakini kwenye filamu ya bajeti ndogo mtu huyo mara nyingi ndiye pia anayeleta maji ya kunywa. Kanga nayo ni hivyohivyo: nunua doti mbili za aina moja, kariri fundo liko upande gani.

Kuhusu lenzi. Kabla ya kila shoti muulize mpiga picha maswali mawili: lenzi gani, na fremu inaishia wapi? Akisema 35, yaani lenzi inayoona pana, na fremu inaishia magotini, mwili wako wote unasema, jukwaa lako litakusaidia. Akisema 85, yaani lenzi inayovuta karibu, na fremu inaishia kwenye mtulinga, shika adabu. Kwenye kamera za kawaida za sinema, lenzi ya 85 ambayo tundu lake la mwanga limefunguliwa 2.8, ukiwa mita mbili kutoka kwenye kamera, sehemu inayoonekana kwa ukali ni kama sentimita sita tu kutoka mbele hadi nyuma. Ukiinamia chungu kwa uchungu wa moyo, umetoka kwenye ukali, na teki yako nzuri kuliko zote imekuwa ukungu. Mtazame mwenzako kwenye jicho moja, lile lililo karibu na kamera, ubaki hapohapo. Macho yakiruka kutoka jicho hadi jicho, kwenye maisha hatuoni, kwenye klozapu unaonekana mwizi.

Kwenye fremu hiyo, pumzi ndiyo mwili wako. Ghadhabu inayofichwa huonekana kwanza puani na kwenye mtulinga. Jifunze kuvuta pumzi mzee anapoingia, kuishika kwa hesabu ya tatu, na kuitoa kwa pua polepole wakati unasema jambo la kawaida kama "chai iko tayari". Fanya mazoezi kwa simu. Isogeze mbali kama mita moja na nusu na utumie lenzi yake ya kukuza, mara mbili au tatu. Ukiiweka karibu na uso kwa lenzi pana, pua inavimba na unajihukumu kwa picha ya uongo. Rekodi sini moja kwa namba 9/1, kisha 9/3, kisha 5/1, uzitazame bila sauti. Usipoweza kutofautisha ya kwanza na ya tatu, bado hujui mhusika wako anataka nini. Wiki mbili za kwanza fanya hilo tu. Kukariri maneno kufuate.

Sauti ishushe, lakini usinong'one filamu nzima. Maiki ya fimbo itakuwa sentimita 40 hadi 60 juu ya kichwa chako, inasikia kila kitu, hata gesi ya tumbo. Kinachopotea ni konsonanti: mwigizaji akijaribu kuwa "wa kawaida" humeza maneno, na hadhira ya Kiswahili haitasoma maandishi chini ya picha kwa ajili ya lugha yake yenyewe.

Cha kutazama. Badala ya filamu kumi mara moja moja, tazama moja mara tatu: Death and the Maiden ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Roman Polanski kutokana na tamthilia ya Ariel Dorfman, mwandishi wa Chile. Watu watatu, nyumba moja, usiku mmoja, nchi ya Amerika ya Kusini isiyotajwa jina iliyotoka kwenye udikteta. Sigourney Weaver anacheza Paulina, mwanamke aliyeteswa akiwa amefungwa kitambaa machoni. Mumewe analetwa nyumbani kwa gari na daktari mmoja, anayechezwa na Ben Kingsley, naye Paulina anaamini huyu ndiye mtesaji wake. Hakuwahi kumwona, anamtambua kwa sauti, kwa harufu na kwa misemo yake. Kwa hiyo tazama mara ya kwanza kama mtazamaji tu. Mara ya pili funga macho usikilize, maana filamu yote imesimama juu ya sauti na sikio. Mara ya tatu mtazame Weaver pale tu ambapo hasemi.

Angalia anachokitafuta: ungamo. Bunduki anayo, mtu amemfunga kwenye kiti, angeweza kummaliza mapema, na bado anataka maneno. Ndiyo sababu saa nzima na ushei ya watu kubishana haichoshi. (Hapa ninafichua mwisho, ruka aya kama hutaki.) Daktari anaungama ukingoni mwa jabali, na Paulina hamsukumi. Baadaye wote wanakutana kwenye ukumbi mmoja wa muziki, na hakuna neno linalosemwa. Pima uso wake hapo kwa namba zako mbili, utaona hiyo ya nje iko wapi.

Tahadhari moja: usiige kiwango chake. Paulina anafichua kisasi chake mapema, kwa hiyo Weaver ana ruhusa ya kulipuka, naye anaitumia, pengine kupita kiasi mahali fulani kwa maoni yangu. Wewe umejificha hadi karibu na mwisho. Chukua kwake ukaidi wa kutaka jambo moja, kelele mwachie.

Kwa ajili ya shingo na kichwa, tazama dakika 20 hivi za Hugo Weaving katika V for Vendetta ya 2005, iliyoongozwa na James McTeigue. Uso wake uko nyuma ya barakoa isiyobadilika, na bado unajua lini anatania na lini ana uchungu, kwa pembe ya kichwa na sauti peke yake. Wewe pia umevaa barakoa, ila yako ni ya utumishi. Kwenye filamu hiyohiyo Natalie Portman ananyolewa nywele zake halisi mbele ya kamera, jambo lisilorudiwa, kwa hiyo walitumia kamera zaidi ya moja. Kumbuka hilo mkifika kwenye sini ya kuvunja kitu cha thamani cha mzee. Kama kipo kimoja tu, ziwe kamera mbili, moja iwe kwenye uso wako.

Sini ya ufukweni nayo ina hesabu zake. Bahari ya Bagamoyo iko mashariki, kwa hiyo jua la jioni linazama nyuma ya mji. Ukielekea baharini jioni, uso wako uko kivulini. Kama muswada unasema "jua linazama baharini", mtu ameandika akiwa mbali na pwani hii. Mkitaka bahari yenye mwanga usoni, amkeni alfajiri. Mkiamua jioni, jua huzama kati ya saa 12:10 na 12:45 kutegemea mwezi, na ule mwanga laini unaobaki baada ya hapo haufiki nusu saa, huku kwetu giza halina subira. Hapo utapata teki tatu, ukibahatika nne. Waanze na shoti pana wakati mbingu bado ina rangi, klozapu zako zije mwisho kwa taa. Maana yake kwako: huna muda wa kujichochea palepale. Namba yako ya ndani iwe tayari tangu kwenye gari.

Maji nayo. Kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya kina inaweza kupita mita tatu. Leo mnapiga mawimbi yako mgongoni, keshokutwa saa ileile mgongoni kuna mchanga mtupu na ngalawa imelala ubavu. Sini hiyo ipigwe siku moja, au mchague siku za maji mafu, tofauti itakuwa ndogo.

Mambo ya kibali ni ya mtayarishaji, lakini uulize kabla ya kutia sahihi mkataba. Hadithi ya kisiasa ndiyo inayoangaliwa kwanza, na Bodi ya Filamu inafanya kazi kwa sheria ya mwaka 1976 pamoja na marekebisho yake. Sare za mzee zisifanane na za jeshi wala polisi wa nchi hii. Mkitaka kuingia magofu ya Kaole, hiyo ni ruhusa nyingine kwa wanaoyasimamia.

Na mlipuko wenyewe? Uwe mmoja tu filamu nzima, na omba klozapu yako ipigwe kabla ya ya mzee siku hiyo, kwa sababu teki ya tano sauti itakuwa imekwaruza. Ikikwaruza, nyamaza na unywe maji ya uvuguvugu. Usinong'one ukidhani unaipumzisha, kunong'ona kunaichosha zaidi.

Machozi: gliserini iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha kwa jasho la jikoni na kwa michirizi iliyokwisha kukauka shavuni. Inapakwa chini ya jicho, haiingii ndani. Ile mentoli ya kupaka chini ya kope inatoa machozi kweli, lakini inawasha, inafanya jicho liwe jekundu kwa robo saa na zaidi, na mhariri hatapata namna ya kuunganisha jicho jekundu na jeupe. Kama ni lazima, iwe shoti ya mwisho ya siku. Kwa mhusika huyu mimi ningekataa machozi kabisa mbele ya mzee, na ningeyaruhusu mara moja tu, stoo, anapokata vitunguu, ili hata wewe mwenyewe usijue ni kipi kimeyaleta. Ila unawe mikono kabla ya kujifuta.